"Sina ajira, sidaiwi" na maneno mengine yanayonichosha kwenye dawati la mikopo

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja na bahasha ya kaki mkononi. Alihitimu miaka saba iliyopita, ana duka la vifaa vya ujenzi na biashara inakwenda. Alikuwa ameomba benki mkopo wa kuongeza mtaji, wakamrudisha kwa sababu jina lake linaonekana lina deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ambalo halijalipwa.

"Shikamoo mama. Mimi sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Sasa deni limetoka wapi?"

Nimekaa dawati la mikopo la chuo zaidi ya miaka kumi, na swali hilo nimelisikia kupita kiasi. Kijana mwenyewe simlaumu sana. Kinachoniudhi ni maneno ambayo wanafunzi hupokezana hosteli na kwenye vikundi vya WhatsApp mpaka yanakuwa kama sheria, wakati mkataba walioutia saini haujafunguliwa tena tangu siku ile.

"Sina ajira, kwa hiyo sidaiwi"

Deni la HESLB linahesabiwa tangu ulipotoka chuoni, uwe umepata kazi au hujapata. Miezi 24 baada ya kuhitimu au kusitisha masomo, unatakiwa kuanza kurejesha. Mwenye ajira anakatwa kwenye mshahara. Aliyejiajiri naye ametajwa: marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanamtaka alipe asilimia 10 ya mapato yake ya mwezi yanayotozwa kodi, na kiwango cha chini kikawekwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye duka, mwenye bodaboda tatu, fundi mwenye karakana, wote wamo humo.

Najua dhana hii inakotoka. Mkopo huonekana kwa macho kwenye slipu ya mshahara ya mtu mwingine. Kaka yako anafungua slipu, unaona mstari wa HESLB, unajiambia kwamba anayekatwa ndiye anayedaiwa. Tena wapo wazee wetu waliosoma chuo kikuu kwa gharama ya serikali, na wanasema kweli wanaposema hawakudaiwa hata senti. Zama zile ziliisha. Mikopo ilianza kutolewa mwaka wa masomo 1994/95 chini ya wizara. Bodi ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na ikayarithi hata madeni yale ya mwanzo. Kwa hiyo mjomba akikwambia "hiyo hela ya serikali, wataisahau," mheshimu kama mjomba, lakini kwenye deni usimfuate. Waliokopeshwa katikati ya miaka ya tisini wamefuatwa wakiwa watu wazima wenye wajukuu.

Anayejificha haumizwi siku ile anayojificha. Anakuja kuumia siku ana jambo lake: anataka mkopo wa benki, anataka kuongeza elimu kwa udhamini, na taarifa zake tayari zimeshafika kwenye taasisi za taarifa za wakopaji. Yule kijana wa vifaa vya ujenzi angekuwa analipa kidogo kidogo tangu duka lilipoanza kusimama, benki ingekuwa na habari nyingine ya kusoma. Na kama kweli huna kipato, nenda ofisi ya Bodi ukaseme hivyo kwa mdomo wako, uandikishe anwani na namba ya simu inayopatikana. Nimewaona waliofanya hivyo na nimewaona waliobadilisha laini. Mazungumzo yao na Bodi hayafanani kabisa.

Upande wa pili wa dhana hii ni wa walioajiriwa: "Mwajiri atajua mwenyewe." Sheria inamtaka mwajiri aitaarifu Bodi ndani ya siku 28 kwamba ameajiri mhitimu, na awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, la sivyo anatozwa adhabu. Huo ni wajibu wake. Deni linabaki kuwa lako. Ukihama kazi na mwajiri mpya akakaa kimya miaka miwili, hakuna aliyekusamehe, ni kwamba salio halijasogea.

Mwalimu mmoja wa shule binafsi alikuja hapa akilia. Alikuwa amekatwa miezi 14, na kwenye taarifa ya deni hakuna hata shilingi iliyoingia. Kilichomwokoa ni faili la plastiki la kijani. Slipu zote 14 zilikuwa humo, zimepangwa kwa mwezi, kila moja na mstari wa makato umepigwa kalamu nyekundu. Tulizipeleka kama zilivyo, na mwajiri akaulizwa fedha ziko wapi. Wangapi wana faili kama hilo? Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki, na wanafunzi wangu wameshauchoka: kila Januari omba taarifa ya deni lako, ilinganishe na slipu za mwaka mzima, na pasipolingana andika barua wiki hiyohiyo.

"Wanakata asilimia 15 ya mshahara wote, sitamaliza maisha"

Ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, posho hazimo. Kabla ya marekebisho ya 2016 ilikuwa asilimia 8, na waliopandishiwa walikuwa na haki ya kulalamika, sibishi, kwa sababu bajeti ya nyumba iliguswa katikati ya safari. Lakini hesabu ifanywe. Mshahara wa msingi ukiwa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi. Deni la shilingi milioni 10 linaisha ndani ya miezi 84, yaani miaka saba, bila kuhesabu nyongeza yoyote ya mshahara. Ni mzigo, ila una mwisho unaoweza kuuandika kwenye kalenda.

"Deni linazaa kila mwaka, kulipa ni kujaza maji kwenye pakacha"

Hilo lilikuwa na ukweli. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile VRF ya asilimia 6 kwa mwaka, iliwakatisha tamaa wengi. Rais Samia alitangaza kuifuta kwenye sherehe za Mei Mosi 2021, na ikaondolewa kuanzia Julai mwaka huo. Ajabu ni kwamba hadi leo wapo wanaoikimbia tozo ambayo haipo.

"Mkopo ni kwa wanaojuana"

Hapa uvumilivu wangu huwa mfupi. Nikiomba nione fomu ya aliyekosa, mara nyingi nakuta cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ukurasa wa saini umepakiwa bila muhuri wa serikali ya mtaa, au jina la cheti cha kidato cha nne ni tofauti na la cheti cha kuzaliwa. Yatima anasahau kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi, mfumo unamsoma kama mtoto mwenye wazazi wote wawili. Mzazi, kaa na mwanao siku ya kujaza fomu. Usimwache akajaziwe stationery na mtu asiyejua hata kama baba yake yu hai.

Wengine huchanganya na ufaulu: "Nina divisheni wani, lazima nipate." Mkopo hupimwa kwa uhitaji. Ufaulu wa juu wa sayansi kidato cha sita una mlango wake, ufadhili wa serikali uitwao Samia Scholarship, ulioanza mwaka 2022.

"Bumu ni langu, likirudi Bodi nimepoteza tu"

Bumu ni fedha za kujikimu chuoni, na usizozisaini hurudishwa Bodi. Hakikisha basi hazikubaki kwenye hesabu ya deni lako, hasa kama uliahirisha mwaka au ulihama chuo. Tangu 2022/23 chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, awali ilikuwa 8,500. Robo moja ya mwaka ikikosewa, ni laki kadhaa unazodaiwa bila kuzila.

"Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo mkopo ulikufa"

Haukufa. Miezi 24 ilianza kuhesabiwa siku ulipoacha, na unadaiwa kile ulichopokea katika miaka hiyo miwili.