"ECG haina tatizo" maana yake nini kwa mtu anayeumwa kifua

Kauli hii husikika mno: mgonjwa amefika dharura akibanwa na kifua, amepigwa ECG, na baada ya muda ndugu zake wanaambiwa kwamba moyo hauna tatizo, ni gesi au vidonda vya tumbo. Anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Huenda kweli ni vidonda vya tumbo, lakini hilo halikuthibitishwa na ile karatasi, na wanaoitumia kama uthibitisho wanaipa kazi ambayo haikuwahi kuwa yake.

ECG ni mchoro wa umeme wa moyo unaopatikana kwa vibandiko kumi vinavyowekwa kifuani, mikononi na miguuni, na unaotazama moyo kutoka pande kumi na mbili zinazoitwa lidi. Mshtuko wa moyo ni kufa kwa sehemu ya msuli wa moyo kwa kukosa damu, mara nyingi kwa sababu damu imeganda ndani ya ateri inayolisha msuli huo. ECG haioni ateri, wala haioni damu iliyoganda. Inaona tu jinsi msuli uliokosa damu unavyobadilisha umeme wake, na mabadiliko hayo yakiwa madogo, au yakitokea upande usiotazamwa, mstari unaweza kubaki wa kawaida kabisa huku msuli ukiendelea kufa.

Kwa nini basi watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, huamini kwamba bila mstari kupanda hakuna mshtuko wa moyo? Chanzo kimo katika historia ya kipimo chenyewe. Herufi P, Q, R, S na T tunazozisoma hadi leo kwenye mawimbi ya mchoro huo zilitolewa na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mwaka 1920, Harold Pardee wa New York alieleza jinsi kipande cha kati ya S na T kinavyopanda ateri ya moyo inapoziba ghafla. Kwa miaka mingi mwinuko huo wa ST ulikuwa alama moja miongoni mwa nyingine, hadi zilipokuja dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Jaribio la GISSI la Italia mwaka 1986, na la ISIS-2 mwaka 1988, yalionyesha kwamba streptokinezi, mojawapo ya dawa hizo, inaokoa maisha. Matokeo ya majaribio makubwa ya aina hiyo yalipokusanywa pamoja mwaka 1994, ilidhihirika kwamba waliofaidika ni wenye mwinuko wa ST au wenye kizuizi katika tawi la njia ya umeme ya moyo, na kwamba wale ambao ST yao ilishuka hawakupata faida hiyo. Hapo ndipo ulipotoka mgawanyo tunaoutumia leo, wa mshtuko wenye mwinuko wa ST, yaani STEMI, na ule usio nao, yaani NSTEMI.

Mgawanyo huo uliwekwa ili kujibu swali moja tu: nani afunguliwe ateri iliyoziba sasa hivi, kwa dawa au kwa mrija unaopitishwa hadi kwenye moyo? Haukuwekwa ili kutenganisha wenye mshtuko wa moyo na wasio nao, kwa maana makundi yote mawili ni ya watu wenye mshtuko wa moyo. Anayesema "hana STEMI" amejibu swali la kwanza. La pili, kama ana mshtuko wa moyo au la, bado halijajibiwa, na hujibiwa kwa maelezo ya mgonjwa, ECG zinazorudiwa, na kipimo cha damu cha troponini (protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia), ambacho nacho kinaweza kuwa cha kawaida katika saa za mwanzo na hivyo kuhitaji kurudiwa.

Hata swali la kwanza halijibiwi kikamilifu na lidi kumi na mbili. Zimekaa kama madirisha ya mbele na ya ubavuni mwa nyumba, na ukuta wa nyuma wa moyo hauna dirisha lake. Ateri inayolisha ukuta huo ikiziba, mwinuko hauonekani. Kinachoonekana ni ST iliyoshuka katika V1 hadi V3, lidi za mbele ya kifua, ambayo wengi huipita wakidhani ni jambo dogo. Dawa yake ni kuhamisha vibandiko vitatu hadi mgongoni, chini ya bega la kushoto, na kupiga tena. Huko nusu milimita ya mwinuko inatosha.

Kisha kuna suala la wakati. Ateri inapoanza kuziba, mara nyingi wimbi la T hutangulia kuwa refu na pana kabla ST haijapanda. Katika ukuta wa chini wa moyo, alama ya mapema inaweza kuwa mwinuko mwembamba katika lidi ya III, inayotazama ukuta huo, mdogo kuliko kimraba kimoja cha karatasi, huku aVL, lidi inayotazama upande wa pili, ikiwa imezama kidogo. Anayeitazama III peke yake ataiona ya kawaida. Anayezitazama zote mbili pamoja ataita msaada. Wapo pia wanaofika maumivu yakiwa yametulia, na katika V2 na V3 wimbi la T limegeuka kuelekea chini. Nafuu hiyo ni ya hatari, kwa sababu huenda ateri kuu ya mbele imefunguka kwa muda tu. Ndiyo maana ECG ya kwanza hutakiwa ndani ya dakika 10 za kufika, na maumivu yakiendelea hurudiwa kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Kosa la upande wa pili lipo pia: vijana wenye afya njema, na watu ambao moyo umenenepa kwa shinikizo la damu la miaka mingi, wanaweza kuwa na ST iliyopanda bila ateri yoyote kuziba. Kwao, ECG ya zamani ya kulinganisha ina thamani kubwa.

Kwa hiyo, badala ya kusema "moyo hauna tatizo", afadhali tuseme: "ECG iliyopigwa saa nne na robo haikuonyesha dalili za mshtuko wa moyo, tutaipiga tena baada ya robo saa na kusubiri troponini." Na pale ambapo troponini haipatikani, mgonjwa apewe rufaa akiwa na karatasi zake zote mkononi, kila moja ikiwa imeandikwa saa iliyopigwa na kama wakati huo kifua kilikuwa kinauma.