Tiba kwa vitendo kwa mtoto mwenye ulemavu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wazazi wengi husikia habari za tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumsaidia mtu afanye shughuli zake za kila siku (kwa Kiingereza "occupational therapy"), wakiwa wameshachoka kuzunguka na mtoto. Kwa hiyo maneno ya kukatisha tamaa huwaingia upesi. Nayachukua yale yanayosikika sana.

"Ni mafunzo ya ajira." Hapana. Neno "occupation" katika jina la Kiingereza huwafanya watu wafikirie ajira, lakini hapa ni shughuli yoyote inayojaza siku ya mtu. Kwa mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza, kushika penseli.

"Ni fiziotherapia kwa jina jingine." Tiba hizi mbili husaidiana, lakini kila moja ina swali lake. Fiziotherapia hushughulika zaidi na misuli, viungo na mwendo: mtoto akae, asimame, atembee. Tiba kwa vitendo huuliza: akishakaa, atakulaje? Ndiyo maana mtaalamu huangalia hata kiti. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (hitilafu ya ubongo inayomfanya asiweze kutawala misuli vizuri) akikaa miguu ikining'inia, mwili mzima huhangaika usianguke, na mkono haupati nafasi ya kufanya kazi. Ukiweka kibao chini ya nyayo na kuegemeza mgongo vizuri, mara nyingi mkono hutulia. Kichwa nacho kisilale nyuma wakati wa kula, maana hapo ni rahisi kupaliwa.

"Maskini, mfanyie kila kitu." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu anayelisema huwa anampenda mtoto kweli. Lakini mtoto anayevalishwa kila siku hapati hata siku moja ya kujifunza kuvaa. Wataalamu wana njia nzuri ya kuanzia mwisho. Mvalishe fulana, pitisha kichwa, pitisha mikono, kisha umwachie jambo moja tu: kuivuta hadi kiunoni. Amemaliza yeye, na uso wake utakuonyesha kwamba anajua hivyo. Akizoea, mwachie na mkono mmoja aupitishe mwenyewe, halafu wa pili, mkirudi nyuma hatua kwa hatua. Kama upande mmoja ni dhaifu, mkono dhaifu ndio utangulie kuvaa, na wakati wa kuvua utoke wa mwisho. Itachukua muda, na asubuhi mnapochelewa utatamani kumvuta tu umalize. Basi anzeni jioni, pasipo haraka.

"Vifaa vitamfanya mvivu." Kijiko chenye mpini mnene hakimlishi mtoto. Anajilisha mwenyewe, ila sasa hakimponyoki. Unaweza hata kuuzungushia mpini kitambaa na kukifunga vizuri.

"Kule wanamchezesha tu." Mtoto anayebana na kuachia vibanio vya nguo anaimarisha vidole vile vile vitakavyofunga vifungo vya shati. Na kucheza kwenyewe ni haki yake, hata pasipo faida nyingine.

"Huyo ni mkaidi, anahitaji kiboko." Baadhi ya watoto wenye usonji huhisi mguso kwa ukali ambao sisi hatuuhisi. Lebo ndogo shingoni inaweza kumsumbua mpaka apige kelele na kuitupa nguo. Ikate lebo kwanza, uone. Kiboko hakiondoi mwasho, kinaongeza hofu.

"Bado mdogo, asubiri akue." Ubongo hujifunza kwa wepesi zaidi miaka ya mwanzo, na kusubiri kunaupoteza wakati huo. Aliyechelewa naye asikatiwe tamaa, maana hata mtoto mkubwa hujifunza.

"Mtaalamu atamaliza kila kitu." Saa moja kwake haiwezi kushinda siku zote mnazoishi nyumbani. Yeye hutazama, hupanga, hukuonyesha, nanyi mnafanya kila siku. Kwa hiyo mnapokwenda, mbali na karatasi za hospitali, mpelekee na habari za siku yenu: mtoto anashindwa wapi, anakasirika saa ngapi, nani humlisha. Mtajie shughuli moja inayowatesa kuliko zote, na uombe muanzie hapo.