Tezi imeyeyuka, dozi haijaisha: maswali kuhusu limfoma na kupandikizwa seli shina

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ianze kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) mwaka 2023, swali la kupandikizwa halikosekani kliniki. Ni swali zuri, tatizo ni wanaoliuliza: wengi wao ni wale wale walioacha katikati dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani. Mimi ni muuguzi na kazi yangu ni kuweka hizo dripu, hivyo najibu kama ninavyoulizwa.

Limfoma ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Chembe hizo hukaa kwa wingi kwenye tezi, ndiyo maana uvimbe huonekana shingoni, kwapani au kwenye kinena. Kuna limfoma ya Hodgkin na zisizo za Hodgkin, na dawa zake ni tofauti. Kinyama kinachokatwa kwenye tezi ndicho kinachotuambia ni ipi. Tezi iliyokaa wiki nne bila kupungua, hasa isiyouma, ipelekwe hospitali. Isichanjwe chale, isikandwe, isisubiri mavuno.

Waliopandikizwa Mkapa si walikuwa na saratani kama mimi?

Hapana. Huduma ile ilianza na watoto wenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu usio saratani, wakipewa uloto wa ndugu zao. Kwenye limfoma, mara nyingi anayejichangia seli shina, yaani seli mama za uloto zinazozaa chembe za damu, ni mgonjwa mwenyewe. Wapo wanaopewa za ndugu, lakini ni wachache, na hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana nawe kikamilifu.

Mtu anajichangiaje mwenyewe?

Kwa siku kadhaa anachomwa sindano zinazozisukuma seli shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Kisha anaunganishwa na mashine: damu inatoka, mashine inachukua seli shina, damu iliyobaki inarudi mwilini. Anakaa hapo saa kadhaa. Seli zinagandishwa na kuhifadhiwa.

Baada ya hapo anapewa kemo kali sana, ya kiwango kinachoangamiza hata uloto wake. Ikiisha, zile seli zinayeyushwa na kurudishwa kwa dripu, kama anayeongezewa damu. Hakuna kisu wala kupasuliwa mgongo. Hofu hiyo iondoe. Seli zenyewe hujua njia ya kurudi ndani ya mifupa, na kwa kawaida zinaanza kutoa chembe mpya ndani ya takriban wiki mbili. Ila wiki hizo mbili ni ngumu. Mgonjwa hana kinga, mdomo umejaa vidonda, anaongezewa damu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu), na homa ndogo tu inawakimbiza madaktari usiku.

Sasa sikiliza hapa. Kinachoua saratani ni kemo. Seli shina zinamwokoa mgonjwa asiuawe na kemo hiyo. Kama saratani haisikii tena dawa, kumrudishia seli zake hakutamsaidia.

Basi tupandikizwe moja kwa moja, tuachane na dripu za miezi sita.

Haiwezekani, na kwa wengi haihitajiki. Limfoma ya Hodgkin ni kati ya saratani zinazopona vizuri kwa kemo. Wengi wanaomaliza dozi hawafiki kabisa kwenye kupandikizwa. Kupandikizwa ni kwa mtu ambaye ugonjwa umerudi, au dozi ya kwanza haikuumaliza, lakini bado unaitikia dawa.

Utafiti uitwao PARMA, uliochapishwa mwaka 1995, ulichukua wagonjwa 215 wenye limfoma kali isiyo ya Hodgkin iliyorudi. Wote walipewa kwanza mizunguko miwili ya kemo ya kawaida. Walioingizwa kwenye kulinganisha ni 109 tu, kati ya wale ambao ugonjwa uliitikia. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikadiriwa asilimia 46 kwa waliopandikizwa, na 12 kwa walioendelea na kemo ya kawaida bila kupandikizwa. Watu huishika hiyo 46. Mimi nawaomba waangalie wale waliobaki mlangoni, ambao hawakufika hata kwenye kulinganishwa.

Nesi, tezi imeyeyuka baada ya dripu ya tatu. Si nimepona?

Hujapona. Kilichoisha ni kile unachoweza kukishika kwa vidole. Seli zilizobaki huzioni, huzihisi, na ndizo zinazorudi, safari hii zikiwa sugu kwa dawa.

Kila Desemba, mvua ya kwanza ikigusa Bahi na Chamwino, viti vya dripu vinaanza kubaki wazi. Kadi zao nazifahamu: tarehe tatu zina saini, zilizobaki ni tupu, na nyuma mtu kaandika bei ya mbegu za alizeti. Njaa naijua, shamba halingoji, sibishi. Lakini dozi nyingine hurudiwa kila siku 21, nyingine kila siku 14, na huwa ni siku moja ya kukaa kitini. Mwambie daktari mapema, ratiba ipangwe, ndugu apande. Kuondoka kimya ndiko kunakoua. Tezi ikiyeyuka, maliza dozi. Ukijisikia mzima, maliza dozi. Hata jirani aliyeacha akisema yu mzima, wewe maliza dozi.

Mkojo wangu umekuwa mwekundu. Dawa inakata figo?

Ni rangi ya dawa yenyewe, ile nyekundu inayoitwa doksorubisini. Siku moja au mbili inaisha. Kutapika kuna dawa zake, sema usivumilie. Joto likifika 38, njoo siku hiyo hiyo, usiku au mchana, badala ya kununua panado dukani na kulala.

Na mitishamba, pamoja na dripu?

Hapana. Mengine yanaumiza ini, na ini ndilo linalochuja kemo yako. Anayekuuzia hatakuwepo wodini.

Niliacha tangu masika, naona aibu. Nirudi?

Rudi wiki hii. Nitakugombeza kidogo, kisha nitatafuta mshipa. Ugonjwa ukiwa bado unasikia dawa, njia zipo, pamoja na rufaa ya kupandikizwa. Tukianza kupima upya kila kitu, tunapoteza wiki ambazo huna. Kwa hiyo njoo na kadi ya zamani na karatasi ya majibu ya kinyama, hata kama imekunjika au imelowa chai. Usiiache nyumbani kwa mjomba.