Sanamu za Wakota na kikapu kilichopotea

Ukiitazama sanamu ya Wakota, watu wa Gabon na Kongo-Brazzaville, hata kwenye picha, macho yako yatakimbilia usoni. Uso wenyewe mara nyingi umebonyea kama upawa, umevikwa vipande vyembamba vya shaba vilivyopangwa kwa ustadi, una macho ya duara na pua nyembamba, na sanamu nyingi hazina mdomo kabisa. Juu ya kichwa pana kitu kama mwezi mchanga. Chini ya shingo hakuna kifua wala mikono, bali umbo la pembe nne lililo wazi katikati, mfano wa kipande cha kashata kilichotobolewa. Mimi huanza kutazama hapo chini. Shaba inakatika, na sehemu ya mwisho ni mti mtupu. Fundi hakuipamba kwa sababu hakukusudia ionekane: ilifungwa ndani ya kikapu.

Kikapu hicho ndicho kilichoachwa nyuma sanamu zilipopelekwa Ulaya, na karibu kila kosa linalosemwa juu ya sanamu hizi linaanzia hapo. Nitayataja makosa hayo moja moja.

“Wakota waliabudu masanamu.”

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana linarudiwa hata na Waafrika wenzetu. Sanamu, ambayo wataalamu huiita kwa jina la kwao *mbulu ngulu*, ilikuwa mlinzi. Ndani ya kikapu, au kasha la gome la mti, mliwekwa mafuvu na mifupa ya watu walioheshimiwa: waasisi wa ukoo, wakuu, waganga, na akina mama waliojaaliwa watoto wengi. Humo pia mlitiwa dawa, shanga na vitu vingine vya thamani. Watu walipopatwa na maradhi, uwindaji ulipokuwa mgumu au watoto walipokosekana, waliwaendea wazee wao, na wazee hao walikuwa kikapuni. Mti na shaba vilisimama mlangoni tu. Anayejua maana ya kutambika kwenye kaburi la babu hahitaji maelezo marefu. Kikota chenyewe ni lugha ya Kibantu, ndugu wa mbali wa Kiswahili.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasiiache mifupa kaburini? Wakota wanaishi mashariki mwa Gabon na sehemu za jirani za Kongo-Brazzaville, na historia yao ni ya kuhamahama misituni. Kijiji kikihama, kaburi linabaki nyuma. Kikapu kinabebwa. Ukoo uliohama ulifika makazi mapya pamoja na wazee wake.

“Mafuvu yale ni ya watu waliouawa.”

Hapana. Ni ya jamaa wa ukoo wenyewe, waliozikwa kisha mifupa yao ikatolewa na kutunzwa kwa heshima. Hofu ya wageni ilitokana na kuona mafuvu bila kujua ni ya nani.

“Kila sanamu ni sura ya marehemu fulani.”

Kikapu kimoja kiliweza kubeba mifupa ya wazee kadhaa, na mlinzi wao hakuchongwa afanane na yeyote. Baadhi ya sanamu zina nyuso mbili zilizopeana mgongo. Kilichotiliwa mkazo ni mng'ao. Shaba ilisuguliwa kwa mchanga ili iwake, kwani mng'ao huo uliaminiwa kufukuza mabaya. Zile tunazoziona leo, zilizofifia na kuwa nyeusi, si jinsi wenyewe walivyotaka zionekane.

“Shaba yote ilitoka kwa Wazungu.”

Mabeseni na nyaya za shaba ya manjano vilipanda kutoka pwani kwa njia ya biashara, na mafundi walivikata na kuvifua upya. Hilo ni kweli. Lakini shaba nyekundu ilichimbwa huko huko Afrika ya Kati, hasa eneo la Mindouli katika Kongo-Brazzaville ya leo, kabla wafanyabiashara wa Ulaya hawajafika bara. Tena madini hayo yalikuwa mali, hata mahari ililipwa kwayo. Kumvika mlinzi wa wazee shaba ni kuwapa wazee utajiri wa ukoo, na huo ni uamuzi wa Wakota wenyewe, hata kama beseni lilitoka mbali.

Jina “Wakota” lenyewe linafunika watu wengi: Waobamba, Wandasa, Wawumbu, Washamaye na wengineo. Sanamu zinazohusishwa na Wamahongwe zina umbo la jani refu lililofunikwa kwa nyuzi za shaba, na hazifanani na nilizoeleza hapo juu.

“Thamani yake iligunduliwa Paris.”

Sanamu hizi zilianza kukusanywa kwa wingi miaka ya 1880, enzi za safari za mpelelezi wa Kifaransa Pierre Savorgnan de Brazza katika bonde la mto Ogooué, huko Gabon. Mchoraji Picasso alizuru makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, kisha akawa na za kwake. Mchoraji mwenzake Juan Gris alitengeneza mfano wa sanamu hizi kwa karatasi ngumu mwaka 1922. Mwaka 2015 moja iliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 5. Hiyo ni bei tu; thamani yake ukoo uliijua tangu mwanzo.

Enzi za ukoloni, kule Gabon na Kongo, shinikizo la wamisionari na serikali ya kikoloni lilifanya nyingi zichomwe, zifukiwe au zitupwe. Wanunuzi nao walitaka sanamu peke yake. Kikapu kilikatwa na mifupa ikamwagwa, mifupa ya babu na bibi za watu. Zilizobaki na vikapu vyake ni chache mno.

Ndiyo maana nasema tazama chini. Kwenye nyingi, ile ncha ya mti mtupu imeliwa na kumomonyoka, huku uso wa shaba ukiwa bado mzima.