Futi 50 za nini, na nani atapunguza tanga saa tisa usiku?

Nimeulizwa tena wiki hii na watu wanaotaka kuvuka bahari kwa boti ya tanga, na safari hii sinyamazi: "si bora tutafute boti kubwa kabisa halafu tujaze watu, usalama si ndio huo?" Hapana jamani. Swali la kwanza ni moja tu: yule aliyechoka kuliko wote humo botini, akiwa peke yake zamu ya usiku, ataweza kupunguza tanga, yaani kulikunja kidogo lisishike upepo mwingi, bila kumwamsha mtu? Kama hawezi hiyo boti ni kubwa mno kwenu, hata kama pesa mnayo.

Maana upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inapanda mara nne. Kwenye futi 32 mtu mmoja anajifunga mkanda kabla hajatoa hata kichwa nje, anafika mlingotini, analegeza jarari (kamba ya kupandishia tanga), anavuta kamba, anafunga, basi. Kwenye futi 50 tanga lenyewe likilowa ni mzigo wa watu wawili, mtaniambia kuna winchi ya umeme, sawa, na betri zikifa?

Suhaili, boti ya baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston, ilikuwa futi 32, akazunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini, 1968 hadi 1969, siku 312. Simaanishi mkaige, ila msiniambie futi 32 haivuki bahari.

Sasa haki nayo isemwe. Kwenye Fastnet ya 1979, mashindano ya boti za tanga ya Uingereza, boti 303 zilianza, dhoruba ikazipiga, washindani 15 wakafa, na boti ndogo ndizo zilizoumia zaidi. Wimbi linalovunjika likikupiga ubavuni, urefu wa boti unasaidia, hapo sina ubishi, na sijui mstari upite wapi hasa kati ya boti mnayoimudu na boti inayohimili mawimbi, kila mwaka nabadilisha mawazo kidogo. Ila angalieni na hili: boti 24 ziliachwa na watu wake, zilizozama ni 5 tu. Nyingine zilikutwa zinaelea, na baadhi ya waliokufa ni wale waliokimbilia mashua za mpira za kujiokolea. Boti inavumilia kuliko mtu. Ndio maana naangalia mkuku (uti wa chini ya boti) umefungwaje, msukani una nafasi ya kucheza kiasi gani, nyaya za mlingoti zina umri gani, na boti ikilazwa hadi nyuzi 120 bado inataka kuinuka au inaridhika kukaa kichwa chini. Rangi na jiko mtajua wenyewe.

Haya, watu. Sita kwenye boti ndogo kwa siku 20, lita tatu za maji kila mtu kwa siku, ni lita 360, mtaziweka wapi? Mimi napenda watatu: saa tatu kazini, sita za kulala. Wawili wanaweza ila wanachakaa, na mtu asiyelala anaanza kuona taa zisizokuwepo.

Vyeti navisoma, lakini simpi mtu nafasi kwa cheti. Nawatoa kwanza siku mbili usiku na mchana, tunabisha dhidi ya upepo, makusudi kabisa. Atakayetapika halafu akarudi kushika kana (mpini wa usukani), huyo nampenda. Ninayemwogopa ni anayekaa kimya, hanywi maji, hasemi anaumwa, na usiku anaona taa ya meli inakuja hataki kuniamsha eti asinisumbue. Niamshe bwana! Kuamshwa bure mara kumi sijali.

Na kuna mmoja ambaye simchukui hata awe baharia wa kuzaliwa: mwenye tiketi ya ndege ya kurudi kazini Jumatatu. Hali ya hewa ikisema subirini siku nne, yeye ndiye atakayeanza "mbona utabiri huwa wanakosea tu", na baada ya siku mbili wengine nao wanaanza kumuunga mkono. Tiketi kwanza ibadilishwe, halafu ndio tuongee.