Hadithi ya Spider-Man iliyokatika: si lazima mashabiki waliikataa

Kwenye vibanda vya filamu vya Kampala, ubishi wa mashujaa wa katuni huishia hapa: hadithi ikiachwa njiani, basi wasomaji waliikataa au haikuuza. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi aliyeianza ameondoka tu.

Chukua Hobgoblin, adui wa Spider-Man. Mwandishi Roger Stern alimleta mwaka 1983, katika toleo namba 238 la mfululizo wa katuni The Amazing Spider-Man, akaficha kwa makusudi uso wa aliye nyuma ya barakoa. Mwaka uliofuata akaacha kuuandika mfululizo huo, na waliompokea wakabaki na fumbo lisilo lao. Mwaka 1987 mwandishi habari Ned Leeds aliuawa katika toleo la pembeni, kisha toleo namba 289, lililoandikwa na Peter David, likatangaza kwamba marehemu ndiye aliyekuwa Hobgoblin. Jibu lenyewe lilipwaya: mtu mwenye nguvu za kupigana na Spider-Man angeuawaje kirahisi na wauaji wa kawaida? Stern aliporudi mwaka 1997 alilitumia pengo hilohilo, akamtaja mhusika wa kweli, tajiri Roderick Kingsley. Leeds alikuwa chambo tu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, fungua ukurasa wa majina: linganisha mwandishi na mhariri wa toleo la kwanza na wa lile ambapo uzi ulikatika. Majina yakibadilika, anza kuchimba hapo. Takwimu za mauzo zifuate baadaye.