Mzazi, Mtu Mzima na Mtoto: Nadharia ya Berne Inavyoeleweka Vibaya

Kwenye semina za uongozi na za ushauri wa ndoa, hukawii kuchorewa duara tatu zilizopangana wima: juu Mzazi, katikati Mtu Mzima, chini Mtoto. Mchoro huo ni wa Eric Berne, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1910, akafanya kazi yake kubwa California, na kufariki mwaka 1970. Nadharia yake inaitwa Uchambuzi wa Miamala. Muamala hapa ni jambo dogo sana: mmoja anasema au anatenda kitu, mwenzake anaitikia. Kwa kuwa mchoro unakumbukika upesi, wengi huondoka nao wakaiacha nadharia yenyewe, na hapo ndipo watu huanza kubandikana majina.

"Fulani ni Mzazi, fulani ni Mtoto"

Hii ndiyo dhana inayoharibu kuliko zote. Berne hakuwagawa watu katika makundi. Kila mtu ana hali zote tatu za nafsi, na anaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine mara kadhaa katika mazungumzo ya dakika tano. Mzazi ni yale tuliyoyachukua kwa waliotulea: maneno yao, ukali wao na upole wao pia. Mtoto ni namna tulivyohisi na kuitikia mambo tulipokuwa wadogo. Mtu Mzima hupima kinachotokea sasa hivi kwa taarifa zilizopo. Umri haumo. Mtoto wa miaka sita anayechunguza kwa nini mnara wake wa vibao unaanguka yuko katika Mtu Mzima wake, na mzee wa miaka themanini anayenuna kwa kuwa hakuulizwa maoni yuko katika Mtoto wake.

Isitoshe, Berne alitaka ushahidi wa aina nne kabla ya kusema kwa uhakika kwamba mtu yuko katika hali fulani: mwenendo unaoonekana, yaani sauti, maneno, uso na mkao, jinsi wengine wanavyojikuta wakimwitikia, historia yake, yaani ni nani zamani aliyekuwa akisema hivyo, na mwisho, mhusika mwenyewe kuyahisi upya yale ya zamani. Anayekutazama kutoka upande wa pili wa meza ana mawili ya kwanza tu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "acha Mtoto wako, tumia Mtu Mzima" hajakuchambua. Amekukaripia, na mara nyingi anayekaripia hapo ni Mzazi wake.

"Lengo ni kubaki Mtu Mzima saa zote"

Hapana. Furaha, ubunifu, udadisi, hamu ya kucheza na ukaribu wa kweli hutoka kwa Mtoto. Mzazi hutuokolea muda: hatukai kujadili kama tumshike mkono mtoto anayekimbilia barabarani. Anayeleta mfiwa takwimu badala ya faraja anamtumia Mtu Mzima mahali pasipo pake. Kazi ya Mtu Mzima ni kuona hali ilivyo na kuchagua ipi kati ya tatu ishike usukani.

"Ni Freud yuleyule kwa majina mapya"

Inaeleweka kwa nini watu hudhani hivyo. Berne alisomea uchambuzi-nafsi, fani iliyoanzishwa na Sigmund Freud, kwa miaka mingi, na mwaka 1956 ombi lake la kuwa mwanachama kamili wa taasisi ya fani hiyo San Francisco likakataliwa. Lakini fikra ya hali za nafsi aliitoa zaidi kwa mwalimu wake Paul Federn. Sehemu tatu za nafsi alizozitaja Freud (id, ego na superego, yaani matamanio, nafsi na dhamiri) ni nguvu ambazo hakuna anayeziona moja kwa moja. Hali za Berne ni mwenendo na hisia zinazoonekana na kusikika, na zote tatu ni za nafsi inayotenda.

"Mawasiliano mazuri ni yale yasiyogongana"

Hapa pana mengi. Mtu anauliza: "Ile ripoti umeituma saa ngapi?" Swali limetoka kwa Mtu Mzima kwenda kwa Mtu Mzima. Jibu: "Kwani huniamini?" Mtoto aliyekwazika amemjibu Mzazi ambaye hata hakuwepo. Njia zimepishana, na kuanzia hapo ripoti haizungumzwi tena. Kinachozungumzwa ni nani anamdharau nani.

Wengi wakishaona hivyo husema: kumbe dawa ni kulinganisha majibu. Berne alisema jambo la kawaida zaidi: miamala ikilingana, yaani jibu likitoka katika hali ileile iliyosemeshwa na kurudi kwa ile iliyosema, mazungumzo *yanaweza kuendelea*. Hakusema yana heri. Mkubwa anayefoka na mdogo anayeomba radhi, miaka nenda miaka rudi, wanalingana kabisa. Wawili wanaosengenya pia wanalingana. Wakati mwingine tiba ni kuuvunja mlingano huo kwa makusudi: anayefokewa anajibu, "Imechelewa saa mbili. Tuanze kurekebisha sehemu ipi?" Aliyekuwa akifoka hupoteza pa kushika, na huenda akaanza kuzungumza kuhusu kazi.

Kisha kuna miamala yenye ngazi mbili, moja ya maneno na nyingine ya siri. "Umefika mapema leo" inaweza kuwa taarifa, na inaweza kuwa kijembe. Kitakachofuata huamuliwa na ngazi ya siri. Maneno ya juu hayana nguvu hiyo.

"Michezo ni hila za watu wajanja"

Kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu michezo ya kisaikolojia, yaani miamala yenye ngazi ya siri inayojirudia na kuishia kwenye hisia ileile, kilimpa umaarufu, na kikaacha fikra kwamba wachezaji hupanga. Wengi wao hawajui kwamba wanacheza. Mchezo wa kwanza aliouchambua unafahamika kwa yeyote aliyewahi kushauri rafiki:

"Kwa nini usizungumze naye?" "Ndiyo, lakini hasikilizi."
"Mwandikie basi." "Ndiyo, lakini hasomi."
"Mtafute mtu wa kati." "Ndiyo, lakini atakasirika."

Mwishoni washauri wananyamaza, na mlalamikaji anabaki na hisia ya kawaida yake: hakuna anayeweza kunisaidia. Hisia hiyo ndiyo malipo ya mchezo. Tena mchezo hauchezwi na mtu mmoja. Anayeshindwa kujizuia kutoa ushauri wa nne ni mchezaji pia.

Mengine, kwa kifupi

Kaulimbiu maarufu ya nadharia hii, "Mimi niko sawa, wewe uko sawa", haimaanishi kukubali kila tendo. Inahusu thamani ya mtu. Unaweza kumkatalia mtu waziwazi ukiwa bado unamheshimu. Na zile duara si sehemu za ubongo. Ni namna ya kusoma mwenendo. Wanasaikolojia wanaopima haiba hutegemea zaidi modeli ya sifa kuu tano, yenye ushahidi mpana kuliko nadharia hii, kwa hiyo msijaze fomu ya ajira kwa Mzazi na Mtoto.

"Utoto ukishaandika maisha, basi"

Berne alisema kila mtu hujitungia mapema mwongozo wa maisha: nitakuwa nani, nitaaminiana na nani, mwisho wangu utakuwaje. Watu wakisikia hivyo huchukulia kuwa ni majaliwa. Kumbe msingi wa hoja yake ni kwamba mwongozo ni *uamuzi* uliofanywa na mtoto kwa taarifa chache alizokuwa nazo, akitafuta namna ya kupendwa na kuwa salama, na uamuzi hubadilishika. Ndiyo maana alianza tiba kwa makubaliano ya wazi kati ya daktari na mteja kuhusu nini hasa kibadilike. Robert na Mary Goulding, wataalamu wa tiba waliofuata nadharia hii, wakajenga mbinu nzima juu ya hoja hiyo: mtu hurudi kwenye tukio la utotoni kana kwamba linatokea sasa, anazungumza akiwa yule mtoto, kisha anaamua upya.